Usingizi wa Pono

Kazi yangu ni kuhesabu ming'ato.
Mita tisa chini, upande wa Bonaire usiopigwa na upepo,
namchagua pono mmoja, namfuata dakika tano
na ubao wa plastiki, na penseli
iliyofungwa kwa waya wa dema kuukuu.
Kra. Kra. Kra.
Kama mtu anayetafuna bisi chumba cha pili.
Ishirini na saba. Ishirini na nane.
Kisha anageuka, anainua mkia,
na bila haya yoyote linamtoka wingu jeupe:
mchanga.

Watalii wanaotandika taulo zao Sorobon
sijawaambia.

Baba, Celestiano Winklaar, hakuipenda kazi hii.
"Hao gutu ndio waliokulea," aliniambia siku ya kwanza.
"Supu yako. Sare yako ya shule.
Viatu vyeupe vya kipaimara.
Leo unawahesabia matonge?"
Nilinyamaza. Madema yake saba
yalikuwa yamepangana nyuma ya ua wa madungusi,
mbuzi wakijikunia.

Ningemjibu nini?
Kwamba mwani haulali, unataka kila shubiri ya mwamba?
Kwamba tumbawe changa ni dogo kuliko tundu la sindano,
linaelea likitafuta pa kuketi,
na kiti chake ni kovu jeupe
lililoachwa na jino la pono?

Mwaka ule wa joto nilizama nikakuta bustani yote nyeupe,
nyeupe kama sahani zilizosahauliwa baada ya arusi.
Nililia ndani ya miwani ya kuzamia,
jambo la kijinga, kwani huwezi kujifuta.
Wiki ya tatu mwani ukaota, mfupi,
kama ndevu za mgonjwa.
Ndipo wakaja,
majike ya kahawia, na dume moja la kijani
ambalo mwaka juzi lilikuwa jike,
wakaanza kunyoa.
Si yote yaliyofufuka. Niliandika kwenye ubao: si nusu.
Lakini palipokuwa pamenyolewa, Machi,
niliona doa la zambarau, upana wa kifungo cha shati.

Wengine hata jino hawatii.
Kundi la njano linalojificha mchana kutwa
chini ya matumbawe ya pembe
huenda usiku kula kwenye majani ya bahari,
hurudi alfajiri, hukojoa hapo hapo kivulini,
na matumbawe hunywa, hunenepa.
Hiyo nayo ni kodi ya nyumba.

Jumanne nilishuka na tochi.
Nikamkuta pono ndani ya mfuko wa ute
aliojitemea mwenyewe, mwembamba kama pumzi kwenye kioo,
macho wazi, haoni.
Ningeweza kumwokota kama embe lililoanguka.
"Tulikuwa tukiwaokota hivyo," baba alikiri nilipomsimulia,
"hatukuhitaji hata dema."
Akautazama mkono wake muda mrefu.
Kisha akauliza, kama anayeulizia wajukuu:
"Na leo wamekula?"

Siku hizi huuliza kila jioni.
Naye mwenyewe hali.
Ugonjwa umemrudisha Rincon, kwenye nyumba ya babu,
kuta za mawe ya matumbawe,
chokaa ya matumbawe, mchanga wa pwani.
Nimepitisha kiganja ukutani:
kila punje imewahi kupita tumboni mwa samaki.
Ndani ya mfuko huo amelala baba,
usingizi wa pono,
mdomo wazi kidogo,
punda wakilia nje asisikie.

Nimeketi kwenye kiti cha plastiki.
Saa ya mkononi. Dakika tano.
Nahesabu.
Nikifika arobaini na moja anajigeuza,
anatafuna kitu kisichokuwepo,
kra, kra,
nami napoteza hesabu,
naanza upya.