Mnyambuliko

Baiskeli sita, breki nne, watu saba.
Filiberta alipakiwa nyuma kwa Ponsiano
kwa kuwa yake ilibaki chuoni, imevuliwa gurudumu
na mtu tuliyemjua ila hatukumtaja.

Tulitoka Masasi kabla kengele ya uji haijalia.
Chigugu, lami bado ya baridi.
Chikundi, mihogo ya kuchoma, chumvi ndani ya gazeti.
Mwena, mnyororo wangu ukachomoka mara ya tatu,
nikaurudisha kwa kijiti cha mkorosho,
vidole vyeusi mpaka kiganjani,
na Likapa akasema: "Mwalimu mtarajiwa huyo,
hata chaki itamkimbia."

Lakini vilimani nilikuwa mbele yao.
Hilo liandikwe.
Swala ya baba (swala jina tu, kwa uzito ni nyati)
imezoea gunia la korosho mgongoni,
ilishangaa kubeba kijana mwembamba na taulo.
Wenzangu walishuka wakasukuma. Mimi sikushuka.
Liandikwe, maana yanayofuata
hayanipambi.

Ndanda tuliziacha kwa mama muuza ming'oko.
Alizifunga zote kwa kamba moja ya katani,
kama mbuzi wa mnada,
tukapanda kwa miguu njia ya mawe
hadi pale mlima unapotoa maji ubavuni
na maji yanapojikusanya chini ya mwamba,
kijani, kama kisamvu kilichopoa.

Siku tatu nyuma, darasani,
mimi ndiye niliyesimama ubaoni:
oga,
ogea,
ogelea.
Mzizi ni mmoja, nilisema, kinachoongezeka ni viambishi.
Nikapigiwa makofi ya kilo.
Sasa viambishi vilikuwa miguuni pangu, vina baridi,
na kina chake hakuna aliyekijua.

Watoto wa pale walikuwa wanaruka toka juu ya jiwe,
uchi, wakituhesabu kwa sauti.
Likapa, maji kiunoni, meno yanagongana,
anaapa kwamba ni ya moto.
Methali unaifahamu, sina haja ya kuitaja.
Shati nilikwisha vua.
Nikainama nikajifanya natafuta soksi.
Nilikuja na kandambili.

Somoe, mzaliwa wa Sudi,
njia nzima alikuwa wa mwisho, anahema,
anasukuma hata penye tambarare.
Aliingia na kanga yake, bila kishindo,
kama barua inavyopita chini ya mlango,
akaibukia ng'ambo, mbali, pale tulipokuwa hatutazami.

Hakuniuliza mbele ya watu.
Alikuja kando, akanyosha mkono ndani ya maji,
kiganja juu, kama anayekadiria kilo ya choroko.
"Lala hapa.
Kichwa kiache kizembe.
Masikio yazame, leo hayana la kusikia."

Nikalala.
Kelele za wenzangu zikawa kelele za nyumba ya jirani.
Tawi la mkuyu. Kipande cha mbingu.
Mwewe mmoja, mabawa wazi, hana haraka,
hakuna aliyemnyambulia kitu.
Maji yalinigonga visogoni kidogo kidogo
kama mtu mwenye adabu anayebisha hodi
ilhali nyumba ni yake.

Kiganja alikitoa lini?
Nilimwuliza tukiwa tunashuka kufuata baiskeli,
vitambaa vya ming'oko vinafuka moshi mweupe barabarani.
Akasema, "Kiganja gani?"

Kurudi, kandambili yake ilikatika.
Filiberta akachukua baiskeli ya Somoe,
Somoe akakaa nyuma yangu, kanga mbichi,
maji yakichuruzika juu ya tairi mpaka Mwena,
na Swala ya baba, ilipopata mzigo iliouzoea,
ikaacha kulalamika; hata mnyororo ukanyamaza.

Kilima cha Mwena kiko palepale.
Likapa akanipita, akapiga kengele.
Ponsiano akanipita.
Mimi nikashuka, nikasukuma taratibu,
taratibu kuliko kilima kilivyodai.
Hilo nalo liandikwe.