Silinda Sita, Mapafu Mawili

Rybnik, Januari. Theluji imelala juu ya bati la gereji
na moshi wa makaa wa mtaa mzima haujui pa kwenda.
Baba amekalia kiti tulichong'oa kwenye gari,
mrija wa oksijeni puani,
ananitajia spana kwa namba kama mtu anayesali rozari:
kumi na tatu. Kumi na sita. Kumi na tatu tena, Truda,
wewe huna masikio?

Miaka ishirini na saba alishuka mgodini,
na kila alipopanda alipanda na vumbi
ambalo halikuomba kurudi chini.
Daktari alinionyesha picha ya kifua.
Nilitarajia weusi. Kumbe vumbi la makaa
kwenye picha hutokea jeupe,
kama theluji iliyoanguka ndani ya mtu.

Gari ni la Kijerumani, la mwaka tisini na nane,
milango miwili, buluu iliyochakaa mabegani,
silinda sita zimejipanga mstari mmoja
kama wanaume wanaosubiri kizimba cha kushukia
saa kumi na mbili asubuhi, kila mmoja na zamu yake ya kuwaka.
"Lilitoka kiwandani limekabwa koo," baba husema.
"Gari la kuendea kanisani. Injini ni pumzi tu, mwanangu.
Iingie nyingi, itoke haraka. Hayo mengine ni urembo."

Basi tukaanza na pua.
Tukatupa kisanduku cha chujio, tukafunga chujio la pamba,
pana kama kofia ya padri.
Kisha koo: mabomba sita ya kutolea moshi, urefu sawasawa,
aliyoyachomelea Gizela wa karakana ya mabehewa.
Gizela akiwasha moto, tulimsukuma baba nje na mtungi wake,
maana oksijeni na cheche si ndugu;
akakaa thelujini chini ya blanketi, akipiga kelele dirishani:
"Mshono usiwe na tundu! Hata la sindano!"

Turbo lilitoka Ostrava, ng'ambo ya mpaka,
limeviringishwa kwenye taulo la hoteli.
Tulililipia kwa pesa ya fidia,
ile ambayo mama aliihesabu kwa ajili ya bahari,
wiki sita za hewa ya chumvi katika nyumba ya wagonjwa.
Mama hakufoka. Ingekuwa nafuu kama angefoka.
Siku tatu alipika, akapakua, akawa ukuta.
Siku ya nne akaja gereji na sufuria ya supu,
akalitazama lile konokono la chuma mezani,
akazungusha bawa lake kwa kidole.
"Na hiki ndicho kinachovuta pumzi?"
"Kinasukuma," baba akasema. "Kuvuta hata mimi naweza, kidogo."
Mama akashika tochi mpaka usiku wa manane.

Sitaeleza Februari yote: gasketi iliyopasuka,
boliti iliyokatikia ndani ya bloku nami nikalia juu yake,
sindano mpya za mafuta zilizokuja pungufu mbili,
kompyuta iliyokataa kutuelewa
hadi kijana Ksawery alipoifundisha upya
na kutumalizia biskuti.

Machi, Gliwice. Gari limefungwa mikanda juu ya rola za kupimia.
Mwenye mashine akasema mgonjwa abaki nje.
Baba akajifanya hajui Kipolandi,
akamjibu kwa Kisilesia, neno refu la mgodini,
akaketi kiti cha abiria, mtungi katikati ya magoti.
Nikakanyaga. Gia ya nne. Elfu tatu. Elfu nne.
Ukaja mluzi, mwembamba kwanza,
kisha gari likavuta hewa ya karakana nzima;
kalenda ukutani ikapepea kuelekea kwetu.
Farasi mia nne na kumi na mbili, karatasi ilisema baadaye.
Wakati ule sikuwa na macho ya karatasi.
Nilikuwa namtazama baba, mdomo wazi,
kifua kikijaribu kupanda pamoja na mshale.

Mbele yetu geji mbili:
moja ya turbo, kwenye dashibodi,
moja ya mtungi, magotini pake,
na zote mbili zinatetemeka.
"Ongeza kidogo," akasema.

Sikuuliza ipi.