Paa la Elikana

Nilishona mimi. Sikatai.
Turubai jeusi la lori, mita tatu na nusu,
kwa cherehani yangu hapa Kizota,
hii inayokula viti vya mabasi bila kukohoa.
Lakini kukata hakukuwa kwangu.

Aliyekata ni Ndahani, gereji ya nyuma ya wauza mbao.
Gari lilikuja lina kichwa: Selika nyekundu, fupi kama mjusi,
limetoka bandarini, karatasi bado zimebandikwa kiooni,
na Elikana akasema, "Nataka liwe wazi,
kama yale ninayoyaona kwenye simu.
Zabibu za Hombolo zimenilipa mwaka huu.
Nataka Dodoma inione mpaka kiunoni."

Ndahani alilizunguka mara mbili.
Hakupima. Alichukua chaki ya mwanawe wa darasa la tatu,
akachora mstari, akaufuta kwa mate, akachora tena.
Kisha grainda ikalia
mpaka kuku wangu wakasahau kutaga,
cheche zikaruka kama mtu anapepeta uwele wa moto.
Saa saba mchana paa lilikuwa chini, limelala chali,
na watu wote wakapiga makofi.
Nami nikapiga.

Mimi ni fundi cherehani tu,
ila najua shati ukilikata bega
mkono hauna pa kushika.
Kumbe paa si kofia.
Gari likaanza kubonyea katikati, polepole,
kama kitanda cha kamba alicholalia mgonjwa.
Jumatatu mlango wa kulia ulifunga.
Jumanne ukataka goti.
Alhamisi ulifungwa kwa tyubu ya baiskeli.
"Chuma kinatafuta makao yake," alisema Ndahani,
akaongeza pati, akaongeza rangi,
nyekundu isiyo na undugu na ile nyekundu.

Nikaletewa fremu niivalishe:
mabomba ya mraba, masalia ya mageti ya watu wa Ihumwa,
upande mmoja umeuzidi mwenzake vidole viwili.
Nikamwambia.
"Shona tu, mama, turubai linavutika."
Turubai halivutiki.
Na Elikana alikuwa amenikata elfu thelathini,
basi kona ya nyuma, panapotaka mishono miwili,
nilipitisha mmoja.
Ndahani hajui hilo. Wewe sasa unajua.

Harusi ya dada yake iliangukia Desemba.
Mwanzo vumbi tu: maharusi nyuma, shela limekuwa rangi ya chai,
Elikana mbele, mkono mmoja kwenye usukani,
anapungia watu asiowajua.
Halafu mbingu ya Dodoma, iliyokuwa kavu tangu Aprili,
ikakumbuka.
Wanaume watatu walivuta paa.
Likafika nusu, likagoma, fremu imejikunja
kama mbuzi asiyetaka kuvuka mfereji.
Bibi harusi akafungua mwavuli ndani ya gari.
Watoto wa barabarani walicheka mpaka wakakaa chini.
Maji hayakuuliza nani alikata, nani alishona.
Mimi nilikuwa kwenye pikipiki nyuma yao, nikaona
yalikoanzia kuingia.
Yalianzia kwenye kona yangu.

Gari lipo kwa Ndahani mpaka leo,
limefunikwa turubai zima la lori.
Wanaongea kupitia kwa mjumbe.
Kile kipande kilichokatwa nilikinunua mimi
kwa bei ya chuma chakavu, nikakipandisha juu ya miti minne.
Ni banda la kuku sasa.
Masika yaliyopita yalibomoa choo cha jirani,
lakini kuku wangu walilala wakavu
chini ya kazi ya watu waliopima.

Elikana hupita siku za mnada.
Husimama, huniuliza hali, huuliza watoto.
Namjibu, naye anaitika,
ila macho yake yako kwa kuku.