Visanduku

Haikaeli amekuja na disketi kwenye bahasha ya kaki,
disketi nyeusi, yenye kibati kinachofunguka kama kope,
anauliza kama bado tunasoma hizi za zamani.
Tunasoma. Chini ya meza yangu, Mtaa wa Rengua,
nimebakiza mashine moja
ambayo fundi alinishauri niiuze kwa kilo.

Inakohoa, inakwaruza, inatoa faili:
NDIZI, herufi kubwa, mwaka tisini na saba,
kijitabu cha mama yake, marehemu Aikande,
majina ya migomba yote ya kihamba chao, Kirua juu,
namna ya kupika kila ndizi, na nani asipewe.
Anataka nakala hamsini kabla ya Krismasi,
ndugu wakipanda kutoka Dar wazikute.

Nahamishia kwenye kompyuta mpya. Programu ni ileile,
jina lilelile, ila toleo limeruka ngazi saba.
Inaniambia kwa adabu ya karani wa benki:
faili hili ni la toleo la zamani, litageuzwa.
Nabonyeza Sawa. Ningebonyeza nini kingine?

Kurasa arobaini zimekuwa arobaini na sita.
Mchare umeangukia kwenye mlelembo,
maelezo ya mtori yamekatika kabla ya nyama,
na pembeni ya kila fremu alama nyekundu ya kujumlisha,
kama mtoto aliyenyoosha kidole darasani:
mwalimu, kuna maneno huku nje hayajapata pa kukaa.

Hayo nayaweza. Kuvuta fremu, kubana mistari,
ndiyo kazi iliyonilisha miaka kumi na mmoja.
Lakini kuna visanduku.

Kila palipokuwa na ile r ya Kivunjo,
ile ambayo ulimi unaianza na kuikana hapohapo,
pamekaa kisanduku kitupu.
Nasogeza ukurasa kando, nje ya karatasi,
kwenye lile eneo la kijivu lisilochapwa,
nakuta maneno ya aliyekalia kiti hiki kabla yangu:

Herufi ya Bi Aikande haimo kwenye kibodi. Nimeichora.
Fonti iko disketi ya pili, isipotee.
Ndelilio, saa nane usiku, umeme umerudi.

Disketi ya pili.
Haikaeli anakung'uta bahasha. Inadondoka risiti ya mbolea
na pini moja.
Mashine ya Ndelilio, hiyo iliuzwa kwa kilo.

Basi tunasoma. Mimi naweka kidole kwenye kioo, yeye anatamka.
Mimi ni Mpare wa Usangi, sikio langu nalo lina toleo lake.
Nachora r, naitia kitone chini.
"Hapana, hiyo ni nyepesi. Mama aliitoa
kama mtu anayefuta ukungu kwenye dirisha."
Nachora tena. Chai inapoa, inaganda utando.
Muuza vocha wa mlangoni anasikiliza, anajaribu naye,
tunamcheka wote, yeye zaidi.

Kufikia saa moja jioni vimejaa mia mbili na kumi na vinne.
Vimebaki vitatu, neno moja, ukurasa wa thelathini na moja:
mgomba wa mpakani, juu ya mfongo,
ndizi yake fupi, huliwa na aliyetoka kujifungua.
Jina lake ni visanduku vitatu na a mwishoni.

Haikaeli anafungua mdomo. Anaufunga.
Anampigia shangazi aliye Himo, anaweka sauti ya nje:
"Ule? Uling'olewa mwaka wa barabara. Sisi tuliuita ule."

"Niandike nini?" namuuliza.
Anatazama muda mrefu, kidole kwenye ile a.
"Acha hivyohivyo."

Programu inanionya nikihifadhi:
toleo la zamani halitaweza tena kulifungua hili.
Nanakili kwanza maneno ya Ndelilio, nayarudisha pale pale
kwenye kijivu, nje ya karatasi.

Asubuhi mtu wa mashine ya kuchapa ananipigia:
"Dada, thelathini na moja ina kosa, fonti imekataa."
Haina kosa, namwambia.
"Ina visanduku."
Najua. Chapa.