Maktaba Isiyo na Vitabu

Chumba chetu kipo juu ya duka la vipuri vya pampu,
Kiusa, hapa Moshi; ngazi ya tatu imelegea.
Humo tunajenga lugha ndogo ya kompyuta,
lugha ya makarani wa chama cha kahawa,
maneno arobaini na moja, yote ya Kiswahili:
kama, rudia, andika, basi.
Inasoma. Inahesabu. Jana ilishindwa kugawanya kwa sifuri
ikaomba radhi, kama tulivyoifundisha.
Haijajua kutafuta.

Na karani atataka kutafuta:
jina linaloanza na Nde, liishie popote,
namba ya gunia yenye mkwaju katikati,
Aikaeli aliyeandikwa Aykaeli, Aikaely,
na mara moja, Mungu amsamehe mwandishi, Akali.
Hiyo ndiyo ruwaza: sura ya neno
kabla hujalijua neno lenyewe.
Wapo walioifanya kazi hiyo. Sisi tunachagua maktaba tu.
"Tu," alisema Ndekirwa, Jumatatu.
Leo Alhamisi.

Ya kwanza anaipenda yeye.
Inachungulia mbele bila kusogea,
inachungulia nyuma, inakumbuka ilichokishika
na kukidai tena.
Inatafuta kama mtu aliyepotelewa na mbuzi Kibosho:
anashika njia hii hadi kwenye ua wa masale,
hakuna, anarudi njia panda,
anashika ile, hakuna, anarudi.
Mara nyingi mbuzi yuko palepale, nyuma ya banda.

Nikaiwekea a thelathini mfululizo
na alama ya mshangao mwishoni kabisa.
Ruwaza fupi, mabano ndani ya mabano,
ya aina ambayo karani mchovu angeiandika bila ubaya.
Feni ikaanza kulia.
Tukaenda kula mtori kwa mama Theofrida, tukarudi,
mtu wetu bado yuko njiani,
anarudia njia panda alizokwishazipita.
Ongeza a moja, safari inakuwa mara mbili;
ongeza kumi, mara elfu moja na ishirini na nne.
Saa tisa umeme ukakatika.
Ndio uliomwokoa.

Ya pili ni maji.
Unafungua mfongo kule juu, alfajiri,
yanaingia kila mfereji kwa pamoja,
hayarudi mlimani kuuliza.
Herufi moja, hatua moja;
herufi zikiisha, yamefika au hayakufika.
Zile a thelathini yalizimaliza
kabla sijainua kidole.
Lakini maji hayakumbuki yalikopita.
Ukiyauliza, neno hili limejirudia?
yanakutazama tu, yanang'aa.

Hapo ndipo tulipogombana.
Kwa sababu katika daftari la mwaka themanini na tatu
yumo bibi mzaa baba wa Ndekirwa,
Ngianasia Ngianasia,
kilo zilezile, malipo mara mbili.
Karani fulani alishikwa na usingizi,
au na huruma.
Ile ya kwanza ilimwona papo hapo.
Ya pili ilimpita kama kivuli cha wingu.

Sikuwa na jibu zuri.
Nilikuwa na kompyuta ya karani wa Uru,
kuukuu, kitufe cha n kimeng'oka,
na foleni ya wakulima mlangoni, mvua mgongoni.
Mmoja akikosea ruwaza, wote wasimame?
Ndekirwa akakuna ndevu. "Weka maji."
Kisha, bila kunitazama:
"Lakini andika kwenye mwongozo, ukurasa wa kwanza,
kwamba lugha hii haiwaoni
walioandikwa mara mbili."

Nimeandika. Ukurasa wa tatu, kusema kweli;
wa kwanza ulishajaa shukrani.
Bibi nimemtafuta kwa macho, kwa kidole,
mstari kwa mstari, dakika arobaini.
Bado wamo,
wote wawili.