Mito Sita ya Ilpo

Mama alibaki ndani ya gari, injini ikiunguruma,
akasema haoni sababu ya mtu kulipa euro tisini
ili avutwe na mbwa juu ya theluji.
Theluji anaijua. Ameisukuma miaka thelathini na moja,
saa tisa za usiku, kutoka Sodankylä hadi daraja la mwisho,
redio ikikoroma, chupa ya kahawa katikati ya mapaja,
ili wengine waamke wakute barabara.

Nilikuwa nimekwisha kulipa.

Nyuzi ishirini na tatu chini ya sifuri.
Pua inashikana kwa ndani kila ukivuta pumzi.
Shamba tulilisikia kabla hatujaliona:
mbwa sabini, kila mmoja juu ya paa la kibanda chake,
wakipiga kelele kana kwamba kijiji kinaungua
na ndoo wanazo wao tu.

Ilpo, ndevu zimeganda, mkono mmoja hauna glavu,
akatuonyesha wale waliokwisha kufungwa mikanda.
"Uzao huu tuliupa majina ya mito," alisema.
Ounas na Kitinen mbele. Luiro na Teno katikati.
Nyuma, wenye mabega, Ivalo na Simo.
Mama akawapitia mmoja mmoja kwa macho.
"Miwili kati ya hiyo," alisema, "nimesafisha madaraja yake."

Kwenye sleji ya mbao palitandikwa ngozi ya kulungu, na blanketi.
Kiti cha mgeni. Mama hakukitazama mara mbili.
Akapanda nyuma, juu ya zile reli, penye breki,
na mimi, mwenye kulipa, nikafunikwa kama mkate.

"Sheria ni moja!" Ilpo alilazimika kupaza sauti.
"Ukianguka, usiachie!"
Akang'oa nanga.

Sijui nisemeje.
Kelele yote ile ilikatika kama uzi.
Hakuna anayebweka tena. Maji mtungini.
Pumzi sita tu, na mbao zikinong'ona na barafu.
Mito ya kweli imelala tangu Novemba chini ya kifuniko chake;
hii sita inatiririka,
inapinda penye misonobari myembamba,
inachota theluji kwa ulimi bila kupunguza mwendo.
Luiro akajisaidia huku anakimbia, bila haya,
na harufu ikanipiga usoni mimi wa kwanza.
Mama akacheka. Si kile kicheko cha sebuleni;
kile kingine, cha puani.

Pale njia inapokata barabara, breki ikauma.
Mbwa wakageuza vichwa, wakalia kama watoto walionyimwa.
Mama alikuwa akitazama ukingo,
tuta lililoachwa na katapila la alfajiri.
"Nani kasukuma hivi? Hebu ona. Kaziba mfereji.
Aprili hapa patakuwa ziwa."
Mguu mmoja ulitaka kushuka ukarekebishe.
Mwingine ulikuwa juu ya breki.
Akabaki hapo, kati ya miguu yake miwili.
Ounas akamkodolea macho
kama karani anayesubiri sahihi.

Mama akainua mguu.

Kilomita nne. Dakika kumi na nane kwa saa ya simu yangu.
Uani aliwagawia vipande vya mafuta yaliyoganda,
akimwita kila mmoja kwa jina,
akawachanganya Teno na Ivalo, akaomba radhi, akaanza upya.
Simo akamlamba glavu mpaka ikakakamaa.

Penye gari alinitupia ufunguo bila neno.
Nikaendesha. Katika maisha yangu yote
sikuwahi kumwona kwenye kiti kile cha pembeni,
mikono mapajani, haina kazi.
Kila kona mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu
mahali pasipo na breki.

Baada ya daraja la Kitinen ukaacha.