Kushoto kwa Kavugho

Anakwenda kulia, na anayelia ni beki.
Hilo halina ubishi. Hata watoto wa Birere
wanaochungulia juu ya ukuta wanalijua:
atadunda mara mbili, atashusha bega,
na beki atabaki ameshika hewa
kama mtu aliyefungua mlango akakuta nyumba haipo.

Ubishi unaanza baada ya hapo.

Fundi Paluku, mikono inanuka mti wa mikaratusi, anasema:
"Chukudu inayokata kona moja tu
itashuka na viazi kutoka Kibumba vizuri kabisa,
mpaka siku barabara itakaposema: kushoto."

Mama Nzigire hainui macho kwenye karai la sambaza.
"Pointi ishirini na sita juzi. Mkono mmoja.
Samaki nao mnataka waote mbawa?"

Mwalimu Bauma anapangusa miwani. Kwake shida si mkono,
shida ni pasi: wenzake wanne wamesimama
kama wageni matangani, hawajui wakae wapi.
Halafu mitupo ya adhabu. Sita kwa kumi na tatu!
"Mpe mabeki watatu, atawapita.
Mwache peke yake kwenye mstari, pasipo wa kumhadaa,
mkono unakumbuka kwamba una mifupa."

Mimi ndiye mwenye daftari.
Karatasi za miraba, kalamu ya risasi,
safu ya K, safu ya S.
Kwenye K vijiti vimebanana kama mzigo wa makaa.
Kwenye S ningeweza kumwandikia mtu barua.

Lakini mimi naujua uwanja aliokulia,
kule nyuma ya kanisa, Majengo.
Mwaka ule moto uliposhuka mlimani
haukubisha hodi. Ulikula nusu ya uwanja, ukapoa papo hapo.
Ikabaki nguzo moja, kikapu kimoja kisicho na wavu,
na upande wa kushoto, ukuta mweusi wa mawe yenye meno.
Mpira ukienda huko haurudi mzima.
Na mpira ulikuwa mmoja,
wa mtaa mzima,
umeshonwa na fundi viatu mara nne.
Basi mtoto wa miaka tisa atajifunza nini?

Nikawaambia. Wakanyamaza,
mafuta tu yakiendelea kusema.
Kisha Paluku: "Hiyo ni sababu.
Mimi nilikuwa nimeulizia dawa."

Jumamosi wakaja wasichana wa Bukavu.
Walipanda boti ya usiku, na wao, kumbe,
wana daftari lao.
Robo ya nne, tunadaiwa pointi moja,
sekunde saba, na wawili wamesimama kuliani kwake
kama askari wa kizuizi wanaokujua kwa jina.

Akaenda kushoto.
Mdundo wa kwanza.
Wa pili, na hapo akasita, kidogo,
kama anayepapasa ngazi gizani.
Akarusha. Mpira ukazunguka chuma,
ukakaa juu yake muda wa mtu kumeza mate,
ukamwagika nje.

"Alisukumwa huko!" "Alichagua!"
"Kuchagua gani, hakuachiwa njia!"
Wakaninyang'anya daftari.
Safu ya S, kijiti kimoja.
"Kiliingia?"
"Hakikuingia."
"Basi si kitu."
"Ni kijiti," nikasema.

Akapita mwenyewe, begi begani, jasho halijakauka,
akanunua sambaza za franga elfu moja
akazila amesimama, akitusikiliza tukimpima
kama mbuzi wa sokoni.
Alipofika chini ya karatasi akalamba chumvi vidoleni.
"Ule mdundo wa pili," akasema,
"nilikuwa nasubiri jiwe."

Hakuna aliyejibu.
Mama Nzigire akamwongezea samaki bila kuhesabu.

Mwalimu Bauma akakohoa, akavaa miwani.
"Sawa. Na mitupo ya adhabu, je?"